Ndama mmoja na wenzake thelathini na tisa

Ukiwa na ndama mmoja nyumbani na unataka achanjwe dhidi ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, jambo la kwanza atakalokuuliza mchanjaji si uwezo wako wa kulipa. Atakuuliza: "Mko wangapi?"

Niliulizwa swali hilo nikiwa kwenye banda la dada yangu huko Arumeru, mkoani Arusha, simu sikioni, ndama wa miezi miwili akinilamba kiganja kwa sababu nilikuwa nimetoka kushika pumba. Tulikuwa na huyo mmoja tu. Mrija wa chanjo ulikuwa na dozi 40, na ukishayeyushwa hauwezi kurudishwa kwenye baridi: una saa chache, kinachobaki kinamwagwa. Maana yake ndama wetu alihitaji wenzake 39, wapatikane siku ileile, wasiwe mbali kiasi cha kumshinda mwenye pikipiki, wote wakiwa wazima, na wenyewe wakiwa na fedha mkononi. Dada alizunguka jioni mbili na daftari. Alipata kumi na wanane. Mchanjaji hakuja, na sikumlaumu, kwa sababu angekuja kwa hasara.

Tangu siku hiyo, kila nikisikia hotuba kwamba wafugaji wetu wadogo hawana mwamko wa kutumia matokeo ya utafiti, naukumbuka mrija ule.

Kwa asiyefuga, nieleze kidogo. Ndigana kali husababishwa na kimelea kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa na kupe wa kahawia anayependa kuganda masikioni. Kupe huyu hubadilisha mnyama kila anapokua. Akinyonya vimelea akiwa mchanga, huangukia majani, hujivua gamba, kisha huvipeleka kwa mnyama mwingine. Vikiingia mwilini hujichimbia ndani ya chembe nyeupe za damu na kufanya jambo linalowashangaza hata watafiti wa saratani: huilazimisha chembe igawanyike bila kukoma, navyo vikigawanyika pamoja nayo. Mitoki huvimba chini ya sikio, kisha mbele ya bega. Homa hupanda, ng'ombe huacha kula, mapafu hujaa maji, na mwishoni povu hutoka puani. Ng'ombe wa kigeni au chotara anaweza kumalizika ndani ya wiki tatu au nne tangu kuumwa na kupe. Dawa ya buparvakwoni, iliyoanza kutumika miaka ya 1980, hutibu vizuri ikiwahi, lakini kuwahi kwenyewe ni kuiona mitoki kabla ugonjwa haujafika mapafuni na kuikuta chupa dukani siku hiyo, pamoja na pesa ya kuinunua.

Watafiti wa Nairobi waliwahi kukadiria kwamba kwa mwaka 1989 pekee, katika nchi 11 za Afrika, ndigana kali iliua ng'ombe milioni 1.1 na kuleta hasara ya dola milioni 168. Ni hesabu ya zamani. Lakini mpaka leo inanukuliwa, na hilo peke yake linakuonyesha ni mara ngapi tumerudi kuwahesabu ndama waliokufa.

Ugonjwa huu ni wetu hata kwa jina, maana Waingereza waliuita homa ya Pwani ya Mashariki. Robert Koch aliviona vimelea vyake Dar es Salaam mwaka 1897, akavidhania ni vya ugonjwa mwingine uliojulikana Marekani. Miaka michache baadaye ng'ombe kutoka huku walisafirishwa kwa meli hadi Beira, kwenda kujaza mazizi ya kusini yaliyokuwa yameteketezwa na sotoka, ile tauni ya ng'ombe. Walikwenda na kupe wao. Kusini walipigana nao kwa nusu karne, kwa majosho, nyaya na kuchinja, hadi Afrika Kusini ikaumaliza miaka ya 1950. Sisi tulibaki nao.

Na chanjo ilipopatikana, ilipatikana kwetu. Muguga, upande wa Kikuyu nje kidogo ya Nairobi, palikuwa na taasisi ya utafiti wa mifugo ya Afrika Mashariki. Hapo Walter Plowright alitengeneza chanjo ya sotoka, ile iliyowezesha dunia kutangaza mwaka 2011 kwamba ugonjwa huo umefutika. Katika ua huohuo, katikati ya miaka ya 1970, watafiti waliokuwa wakisaidiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walikamilisha njia ya kumkinga ng'ombe na ndigana kali, wakaiita mchanganyiko wa Muguga. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, wenye taasisi wakagawana, na chanjo ikabaki kama mtoto wa ndoa iliyovunjika: kila upande unamtambua, hakuna anayemlipia ada.

Chanjo yenyewe si ya kawaida. Ni ugonjwa hai unaotolewa pamoja na dawa yake. Kupe huambukizwa kwa ng'ombe, wakikomaa hupelekwa kwenye masikio ya sungura wanyonye siku kadhaa mpaka vimelea viive ndani ya tezi zao za mate. Kisha kupe wanasagwa. Supu yake huchujwa, hutiwa kwenye mirija na kugandishwa ndani ya naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ndani yake mna aina tatu za kimelea: ya Muguga, ya Kiambu, na nyingine yenye asili ya nyati wa Serengeti. Siku ya kuchanja, ndama hudungwa supu hiyo karibu na sikio, na papo hapo hudungwa oksitetrasaiklini ya kudumu mwilini, kwa kipimo kinachofuata uzito wake. Anaugua kidogo, mara nyingi bila hata mwenyewe kujua, anapona, na kinga yake inaweza kumfikisha uzeeni. Mchanjaji akikosea kukadiria uzito, antibayotiki ikawa pungufu, basi amempa ndama ndigana kali kwa mkono wake. Ndiyo maana kazi hii haifanywi na kila mwenye sindano.

Majaribio yalionyesha mapema kwamba njia hii inafanya kazi. Kaskazini mwa Tanzania ilijaribiwa hata kwa chotara wa maziwa, Hanang na Handeni, ikawakinga vizuri sana. Kwa hiyo swali la kisayansi, kama tulivyozoea kuliita, lilikwisha kujibiwa zamani. Yaliyobaki yalionekana ya kihamali tu: nani abebe mtungi, mrija uwe na dozi ngapi, hereni ya kumtambulisha aliyechanjwa itoke wapi, mtu alipe lini.

Kumbe hayo ndiyo yaliyoamua kila kitu.

Wataalamu wengi wa wakati ule walikuwa na picha ya mteja wao kichwani. Ni mwenye ng'ombe wa kisasa: shamba la maziwa, au familia yenye Friesian wawili wa kulishiwa bandani, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa akipata hasara kubwa kwa kila kichwa kinachokufa. Mfugaji wa kuhamahama hakuwamo, au alikuwamo pembeni. Zebu wake, ng'ombe wa asili wenye nundu, wana ustahimilivu, ilisemwa, halafu watu hawa hawanunui chanjo, husubiri serikali. Ilipoanza kusambazwa kibiashara kaskazini mwa Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1990, bila ruzuku, kilichotokea kilikuwa kinyume. Kufikia mwaka 2009 ndama zaidi ya nusu milioni walikuwa wamechanjwa, wengi wao zebu wa wafugaji wa asili. Wamasai walilipa gharama kamili, dola kadhaa kwa kila ndama, kwa kitu ambacho serikali haikuwapa hata senti ya kuwasaidia. Aliyechanjwa alitiwa hereni sikioni, na mnadani hereni ile ikawa inaongea na mnunuzi kabla mwenye ng'ombe hajafungua mdomo, bei ikapanda.

Watu wametoa maelezo mengi juu ya jambo hili: thamani ya ng'ombe kwa Mmasai, mshikamano wa jamii, hekima ya wazee. Sikatai. Lakini ipo sababu ya kawaida kabisa. Mwenye ng'ombe mia mbili hupata ndama 40 asubuhi moja bila kutoka bomani. Mrija unafunguliwa kwake, unakwisha kwake, mchanjaji anakunywa maziwa na kuondoka. Kifungashio kilichagua mteja. Kilimchagua yule ambaye wataalamu hawakumtarajia na kumwacha yule waliyekuwa wakimfikiria, dada yangu na wenzake, wenye ndama mmoja mmoja wakitenganishwa na migomba na nyua za mabati.

Faida kwa waliofikiwa haikuishia zizini. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofuatilia kaya za wafugaji nchini Kenya, zilizochanja dhidi ya ndigana kali na zisizochanja. Waliochanja walikuwa na vifo vichache na maziwa zaidi, na walitumia pesa kidogo kwenye antibayotiki na dawa za kuogeshea. Kilichoniweka kitako ni kwamba walisomesha zaidi, na ongezeko lilionekana kwa wasichana wa sekondari. Ukimweleza mama yeyote wa kifugaji habari hiyo, atakushangaa kwa nini ilihitaji jarida.

Zipo hoja dhidi ya chanjo hii, na si za kijinga. Ng'ombe aliyechanjwa hubaki na vimelea vya chanjo mwilini, na kupe anaweza kuvichukua na kuvipeleka kwingine. Kwa sababu hiyo Kenya ilisita kwa miaka mingi kuruhusu mchanganyiko wa aina tatu, ikijaribu badala yake aina moja ya nyumbani iliyotoka Marikebuni, huko pwani. Hofu ilikuwa kuleta aina ngeni mahali ambapo haikuwapo. Mimi nilikuwa nikiiona hofu hiyo kuwa na uzito mpaka nilipokaa siku moja Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, nikitazama makundi ya ng'ombe yakipita. Kupe hawaulizwi pasipoti, na aina hizo zilikuwa zikisafiri kwa miguu karne nyingi kabla ya mtungi wa naitrojeni. Hoja ya nyati ni nzito zaidi. Ng'ombe wanaolisha pamoja na nyati hukutana na vimelea vyenye sura nyingi kuliko vile vitatu vya mrijani. Jaribio lililofanywa Ol Pejeta, Laikipia, kwenye malisho ya nyati, liliua ng'ombe wengi waliokuwa wamechanjwa. Anayeiuza chanjo hii jirani na hifadhi bila kumwambia mfugaji jambo hilo anamwibia.

Lakini nataka kukaa kidogo Busia, magharibi mwa Kenya, kwa sababu huko ulifanyika utafiti ambao naona haujasomwa vya kutosha na watu wanaopanga bajeti za mifugo. Kati ya 2007 na 2010, ndama 548 wa zebu walifuatiliwa karibu tangu siku ya kuzaliwa hadi kukaribia mwaka mmoja. Walipimwa uzito, damu, kinyesi, na mama zao walipimwa pia. Themanini na wanane walikufa. Karibu asilimia 40 ya vifo hivyo ilitokana na ndigana kali, ikifuatiwa kwa mbali na minyoo wanyonya damu. Hapo hakuna cha kushangaza. Cha kushangaza ni jinsi magonjwa haya yalivyokuwa yakizungumza yenyewe kwa yenyewe. Ndama mwenye mzigo mkubwa wa minyoo alikuwa katika hatari zaidi ya kuuawa na ndigana kali. Na ndama aliyekuwa amekwisha kuambukizwa jamaa za kimelea hiki, zile zisizo na madhara makubwa, alikuwa na nafasi kubwa mno ya kunusurika: uchambuzi uliotoka mwaka 2015 ulikadiria kwamba vifo vya ndigana kali vilipungua kwa asilimia 89 miongoni mwao.

Fikiria maana yake kwa mtu wa kawaida. Ndama haugui ugonjwa mmoja mmoja kama zilivyopangwa sura za kitabu. Anakuja kwenye ndigana kali akiwa na historia: alipata dang'a ya kutosha siku ya kwanza au hakupata, analala pakavu au kwenye tope, ana minyoo au hana, na maziwa ya mama yake yanakwenda wapi. Hapo ndipo penye uchungu kwetu tunaofuga wachache. Ng'ombe wa maziwa ananunuliwa ili maziwa yauzwe. Lita ya asubuhi ina mteja wake anayesubiri getini, ndama hana pesa. Nimeona nyumba nyingi ndama akiachiwa chuchu moja na masalio, kisha akifa kwa ndigana kali tunasema kupe kamuua. Kupe kamuua, ndiyo, lakini alimkuta amekwisha kushikwa mikono. Bado lishe na magonjwa tunavifundisha kama masomo mawili, yenye wataalamu wawili na miradi miwili, na anayekuja kijijini kuzungumzia mabingobingo na kukata nyasi za kuhifadhi hasemi neno kuhusu kupe.

Kuogesha, je? Josho bado ni ngao ya kwanza, na pale linapofanya kazi kila wiki hakuna anayelidharau. Ila dawa hizi kupe wanazizoea. Kusini-magharibi mwa Uganda, kwenye ukanda wao wa maziwa, usugu umefika mahali ambapo wafugaji walianza kuchanganya dawa kwa kubahatisha, na hata dawa za kuua wadudu wa mazao shambani zikaishia mgongoni mwa ng'ombe.

Juni 2025, Bariadi mkoani Simiyu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya miaka mitano ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Ng'ombe wanachanjwa homa ya mapafu, mbuzi na kondoo wanachanjwa sotoka yao, kwa ruzuku ya nusu ya gharama, na kuku wanachanjwa bure. Naiunga mkono, na hereni zake tutazihitaji. Ndigana kali haimo, na mantiki ya kuiacha naielewa: homa ya mapafu humtoka ng'ombe wangu ikamwingia wako, kwa hiyo kumchanja wangu ni kukukinga wewe, na hapo mfuko wa umma una sababu ya kufunguka. Ndigana kali inapita kwa kupe. Nikimchanja wangu, wako hapati kitu. Basi kila mtu ajilipie.

Sawa, tujilipie. Wamasai wamekwisha kuthibitisha kwamba watu hulipa. Ninachosema ni kwamba hata huko kujilipia hatujakuwezesha. Sihitaji ruzuku ya dozi. Nahitaji mrija unaofunguka kwa ndama watano.

Kituo cha taifa cha uhimilishaji kiko Usa River, si mbali na banda la dada yangu. Mbegu za fahali zinatunzwa kwenye naitrojeni ileile, kwenye mitungi ileile, na mhimilishaji huja na pikipiki kwa ng'ombe mmoja, siku atakapoonyesha joto, hata kama ni Jumapili. Mrija wa mbegu ni wa ng'ombe mmoja. Hakuna aliyewahi kumwambia dada atafute majike 39 yenye joto siku ileile. Kwa hiyo tumeweza kumfikishia damu ya Friesian hadi mlangoni, ndama chotara akazaliwa, dhaifu kwa ndigana kali kuliko zebu yeyote, halafu chanjo ya kumlinda ndama huyohuyo, iliyo katika baridi ileile, inashindwa kufika kwa sababu ya hesabu ya dozi. Tumesambaza hatari kwa rejareja na kinga kwa jumla.

Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, walilishughulikia jambo hili hatimaye. Mwaka 2019 walichapisha kazi iliyohusu hasa kupunguza idadi ya dozi katika mrija kwa ajili ya wafugaji wadogo wa maziwa, na ikaonekana inawezekana bila kuharibu chanjo. Niliisoma kwa furaha na hasira pamoja. Tangu katikati ya miaka ya 1970 hadi 2019 ni zaidi ya miaka arobaini. Katika miaka hiyo Nairobi ilijengwa maabara nzima, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya ndigana kali na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ambayo baadaye ilikuja kuwa sehemu ya ILRI. Kimelea kilichambuliwa hadi jeni zake zikasomwa, protini iitwayo p67 ikafanyiwa kazi tangu ujana wa watu ambao sasa wamestaafu, ili siku moja ipatikane chanjo isiyohitaji kupe, sungura wala baridi. Kazi hiyo ni ya maana na iendelee. Sijui tu kama kuna profesa aliyewahi kupandishwa cheo kwa kupima ukubwa wa mrija.

Chanjo ya sasa hutengenezwa Lilongwe, Malawi, na fungu moja huchukua miezi mingi kukamilika, kwa hiyo kubadili kifungashio si kazi ya wiki. Mirija midogo hugharimu zaidi kwa kila dozi. Mchanjaji naye anahitaji kibali na mafunzo, na mhimilishaji hawezi kuamka asubuhi akawa mchanjaji. Yote ni kweli. Lakini mtungi uko njiani tayari, njia inajulikana, na mteja amekwisha kuzoea kupiga simu na kulipa mtu anayeshuka kwenye pikipiki na mvuke mweupe ukitoka kwenye chombo chake.

Ndama wa dada yangu hakufa. Aliugua akiwa na miezi minne, mitoki ikaonekana mapema kwa sababu dada ana tabia ya kumpapasa kila jioni, na chupa ya dawa ilikutwa duka la tatu, kwa bei inayozidi sana ile ya kuchanjwa. Sasa ni mtamba, ana mimba ya mrija wa Usa River. Dada amelifungua tena daftari lake, safari hii mapema, na anaandika majina ya wenye ndama pamoja na wale ambao ng'ombe wao watazaa kabla ya masika. Jumapili alinitumia picha ya ukurasa. Wamefika thelathini na mmoja.